Jan Oort

Jan Hendrik Oort (Franeker, 28 Aprili 1900 – Leiden, 5 Novemba 1992) alikuwa mwanaastronomia wa Uholanzi. Jina lake linajulikana zaidi kutokana na Wingu la Oort, yaani eneo la mbali sana kwenye mipaka ya mfumo wa Jua linaloaminiwa kuwa chanzo cha nyotamkia nyingi. Hata hivyo, sehemu kubwa ya kazi yake ilihusu galaksi yetu, Njia Nyeupe. Alithibitisha ya kwamba galaksi hiyo inazunguka, na baadaye aliongoza kazi ya kuichorea ramani kwa kupokea mawimbi hafifu ya redio yanayotoka katika gesi ya hidrojeni. Mbinu hiyo ingali inatumiwa leo kuchunguza jinsi galaksi zinavyokua na kubadilika.

Maisha ya awali

Oort alizaliwa Franeker, mji mdogo katika mkoa wa Friesland kaskazini mwa Uholanzi. Baba yake alikuwa daktari, na wazazi wote wawili walitoka katika familia za wachungaji. Mwaka 1903 familia ilihamia Oegstgeest karibu na Leiden, kwa sababu baba alipewa kazi ya kuongoza hospitali ya wagonjwa wa akili.

Mwaka 1917 Oort alijiunga na Chuo Kikuu cha Groningen. Mwanzoni hakuwa na uhakika kama angesoma fizikia au astronomia. Aliyemvuta upande wa astronomia alikuwa Jacobus Kapteyn, profesa aliyejulikana duniani ingawa chuo chake hakikuwa na darubini kubwa. Kapteyn alifanya kazi kwa kupima picha za anga zilizopigwa na wenzake wa nchi nyingine, kisha kuhesabu nyota na mwendo wao. Kwake Oort alijifunza kutumia namba nyingi kwa subira na kutoachana na yale yanayoonekana angani.

Kuanzia 1922 hadi 1924 Oort alifanya kazi katika Chuo Kikuu cha Yale nchini Marekani. Kisha alirudi Uholanzi na kuajiriwa kwenye paoneaanga pa Leiden, alipobaki karibu maisha yake yote. Alipata shahada ya uzamivu mwaka 1926 huko Groningen kwa utafiti juu ya nyota zenye kasi kubwa. Mwaka 1927 alimwoa Johanna Maria Graadt van Roggen, aliyeitwa Mieke, na wakajaliwa watoto watatu.

Mzunguko wa Njia Nyeupe

Wakati wa ujana wa Oort wataalamu hawakukubaliana kuhusu umbo la Njia Nyeupe wala mahali pa Jua ndani yake. Kapteyn alihesabu nyota pande zote za anga na kuona idadi yake inapungua kadiri umbali unavyoongezeka, hivyo akaliweka Jua karibu na kitovu. Mmarekani Harlow Shapley alichunguza fundonyota za mviringo, yaani vikundi vya nyota nyingi zilizosongamana, akaona kitovu kiko mbali sana upande wa kundinyota Mshale.

Mwaka 1926 Msweden Bertil Lindblad alitoa nadharia ya kwamba galaksi yote inazunguka, na sehemu zake hazizunguki kwa kasi ileile. Oort alitafuta namna ya kuijaribu nadharia hiyo. Alifikiri hivi: kama nyota zilizo karibu na kitovu hukamilisha mzunguko upesi kuliko Jua, na zile za nje huchelewa, basi tofauti hizo lazima zionekane katika mwendo wa nyota tunazozipima kutoka Duniani. Katika pande fulani za anga nyota zingeonekana zikitukaribia, katika pande nyingine zikitukimbia, na tofauti ingeongezeka kadiri nyota zilivyo mbali.

Mwaka 1927 alionyesha kwamba vipimo vililingana na matarajio hayo. Alieleza mzunguko huo kwa namba mbili ambazo hadi leo huitwa vigezo vya Oort. Kitovu cha mzunguko kilikuwa upande uleule wa Mshale ulioonyeshwa na Shapley. Leo umbali kati ya Jua na kitovu hicho hukadiriwa kuwa takriban miaka ya nuru 26,000.

Lakini kitovu chenyewe hakikuonekana. Kati ya nyota kuna vumbi linalozuia nuru, na hilo ndilo lililokuwa limempotosha Kapteyn: nyota za mbali hazikuwa chache, zilikuwa zimefichwa. Kwa darubini za kawaida mtazamaji aliona sehemu ndogo tu ya galaksi anamoishi.

Mwaka 1932 Oort alichunguza pia jinsi nyota zinavyopanda na kushuka kupita katika bapa la Njia Nyeupe, ili kupima nguvu ya mvutano inayozirudisha. Alikuta kwamba nyota zilizojulikana hazikutosha kueleza mvutano wote. Vipimo vya baadaye vimepunguza sana upungufu huo katika mazingira ya Jua, maana sehemu yake ilikuwa gesi na nyota hafifu. Hata hivyo, utafiti huo hutajwa kati ya hatua za kwanza za kuuliza kama ulimwengu una mata isiyoonekana.

Wakati wa vita

Mwezi Mei 1940 jeshi la Ujerumani liliivamia Uholanzi. Baada ya miezi michache utawala wa Wajerumani ulianza kuwafukuza Wayahudi katika vyuo vikuu. Tarehe 26 Novemba 1940 profesa wa sheria Rudolph Cleveringa alitoa hotuba ya kupinga hatua hiyo mbele ya wanafunzi wa Leiden. Alikamatwa, na chuo kikuu kikafungwa.

Mwaka 1942 maprofesa wengi wa Leiden walijiuzulu kwa pamoja ili wasishirikiane na wavamizi. Oort alikuwa mmoja wao. Alikuwa na mke na watoto, na alikuwa amepata uprofesa mwaka 1935 tu, baada ya kukataa nafasi za kazi alizopewa na vyuo vikuu vya Marekani. Alihamisha familia yake hadi kijiji cha Hulshorst katika eneo la Veluwe na kuishi huko hadi mwisho wa vita, bila cheo chake na mbali na paoneaanga.

Katika kipindi hicho alisoma makala za Grote Reber, mhandisi Mmarekani aliyejenga antena uani kwake na kupokea mawimbi ya redio kutoka Njia Nyeupe. Mawimbi ya redio hupita katika vumbi bila kuzuiwa. Oort alitambua kwamba njia ya kuona galaksi nzima ilikuwa imepatikana. Lakini alitambua pia kasoro moja. Kelele ya redio aliyoipokea Reber ilienea kwenye mawimbi ya urefu mbalimbali, kwa hiyo ilionyesha upande ambako mawimbi yalitoka bila kuonyesha umbali wala mwendo wa chanzo chake.

Kilichohitajika kilikuwa mstari wa spektra, yaani mawimbi ya urefu mmoja maalumu yanayotolewa na elementi fulani. Chanzo kikikaribia, mawimbi hayo hufika yakiwa mafupi kidogo. Kikienda mbali, hufika yakiwa marefu zaidi. Hiyo ni athari ya Doppler. Kwa kupima badiliko hilo mtu angepata kasi ya gesi. Na kwa sababu Oort alikuwa ameshajua jinsi kasi inavyobadilika ndani ya galaksi, angeweza kuigeuza kasi kuwa umbali. Ugunduzi wake wa 1927 ungekuwa rula ya kupimia ramani.

Oort alimpa swali hilo Hendrik van de Hulst, mwanafunzi wa Utrecht: je, katika mawimbi ya redio kuna mstari wowote? Jibu lilitolewa katika mkutano wa wanaastronomia huko Leiden tarehe 15 Aprili 1944, nchi ikiwa bado chini ya uvamizi. Van de Hulst alieleza kwamba atomu ya hidrojeni inaweza kutoa mawimbi yenye urefu wa sentimita 21.

Mstari wa sentimita 21

Atomu ya hidrojeni ina protoni moja na elektroni moja. Kila moja ina sifa inayofanana na kujizungusha, na zinaweza kuelekea upande mmoja au pande zinazopingana. Hali ya kuelekea upande mmoja ina nishati kubwa kidogo kuliko ile nyingine. Elektroni inapogeuka, tofauti hiyo ndogo hutoka kama wimbi la redio lenye urefu wa takriban sentimita 21, sawa na masafa ya megahertzi 1,420.

Tukio hilo ni nadra mno. Atomu moja iliyoachwa peke yake ingekaa kwa wastani zaidi ya miaka milioni 10 kabla ya kugeuka. Lakini hidrojeni ndiyo elementi iliyo nyingi kuliko zote katika ulimwengu, na mawingu yake ni makubwa kiasi kwamba kila wakati kuna atomu nyingi zinazogeuka. Kwa hiyo mstari huo unaweza kupokelewa, ingawa ni hafifu sana.

Baada ya vita Oort alirudi Leiden na mwaka 1945 akawa mkurugenzi wa paoneaanga. Nchi ilikuwa imeharibiwa, na fedha za kujenga darubini ya redio hazikuwapo. Waholanzi walitumia antena ya rada yenye kipenyo cha mita 7.5 iliyoachwa na jeshi la Ujerumani. Iliwekwa Kootwijk, kwenye kituo cha redio cha shirika la posta na simu. Kazi ngumu zaidi ilikuwa kutengeneza kipokezi chenye uwezo wa kutenganisha ishara dogo na kelele ya mitambo yenyewe.

Mwaka 1950 moto uliteketeza kipokezi, na kazi ilibidi ianze upya. Mhandisi Lex Muller aliajiriwa kutengeneza kingine. Alipokuwa bado anaendelea, habari zilifika kutoka Marekani: tarehe 25 Machi 1951 Harold Ewen na Edward Purcell wa Chuo Kikuu cha Harvard walikuwa wameupokea mstari wa hidrojeni. Kifaa chao kilikuwa antena ya mbao yenye umbo la pembe, iliyotokezwa kwenye dirisha la maabara.

Hivyo Oort, aliyeuliza swali miaka saba kabla, hakuwa wa kwanza kupata jibu. Purcell na Ewen hawakuharakisha kutangaza peke yao. Waliwajulisha Waholanzi na Waaustralia ili wathibitishe. Kootwijk iliupata mstari tarehe 11 Mei 1951, na watafiti wa Australia wakafuata. Taarifa za Harvard na Leiden zilichapishwa pamoja katika jarida la Nature mwezi Septemba, pamoja na uthibitisho kutoka Australia.

Ramani ya galaksi

Kwa Oort kuupokea mstari ulikuwa mwanzo tu. Kikundi cha Leiden kilianza kupima anga kipande kwa kipande. Antena ya Kootwijk ilisogezwa kwa mikono, kwa kuzungusha mpini, saa za mchana na za usiku. Katika kila upande kipokezi kilichora mstari wenye vilele kadhaa, na kila kilele kilikuwa gesi yenye kasi yake. Oort na wenzake waligeuza kasi hizo kuwa umbali na kuziweka kwenye mchoro.

Mwaka 1954 walichapisha matokeo ya kwanza kuhusu sehemu za nje za galaksi. Gesi haikuenea sawasawa, bali ilijipanga katika mikono mirefu iliyojipinda. Kwa kuwa kutoka Uholanzi anga la kusini halionekani lote, waliunganisha vipimo vyao na vile vya Australia. Mwaka 1958 Oort, Frank Kerr na Gart Westerhout walitoa ramani ya pamoja ya Njia Nyeupe iliyoonyesha kwamba ni galaksi yenye umbo la parafujo.

Ramani hiyo ilikuwa na udhaifu. Ilichukulia kwamba gesi yote huzunguka kitovu kwa njia za duara, ilhali mawingu mengine yana mwendo wa ziada. Tena, upande wa ndani wa mzingo wa Jua kasi moja inaweza kulingana na umbali wa aina mbili. Kwa hiyo baadhi ya mikono kwenye ramani ilipotoshwa, na wataalamu wa baadaye waliirekebisha kwa mbinu nyingine. Lakini kwa mara ya kwanza wanadamu walikuwa wameuona mpangilio wa galaksi yao hadi ng'ambo ya kitovu.

Mwaka 1956 Malkia Juliana alifungua darubini ya redio ya Dwingeloo yenye kipenyo cha mita 25, ambayo kwa muda mfupi ilikuwa kubwa kuliko zote duniani. Kwa darubini hiyo watafiti walikuta karibu na sehemu za kati mkono wa gesi unaosogea kutoka upande wa kitovu. Mwaka 1963 Muller, Oort na Ernst Raimond walitangaza kugundua mawingu ya hidrojeni yaliyo mbali na bapa la galaksi, yakija kwetu kwa kasi ya zaidi ya kilomita 100 kwa sekunde. Kasi hiyo haikulingana na mzunguko wa kawaida.

Oort alipendekeza kwamba sehemu ya gesi hiyo inaanguka ndani ya Njia Nyeupe kutoka nje. Wazo hilo lilikuwa na maana kubwa kwa historia ya galaksi. Nyota huzaliwa kutokana na gesi. Kama galaksi ingetegemea akiba yake ya mwanzo tu, gesi ingepungua na uzazi wa nyota ungefifia. Kwa mtazamo wa Oort, galaksi haikukamilika zamani, bali inaendelea kulishwa. Baadaye ilionekana kwamba mawingu hayo yana asili mbalimbali, lakini kwamba galaksi hupokea gesi kutoka nje ni jambo linalokubaliwa katika utafiti wa leo.

Wingu la Oort na utafiti mwingine

Mwaka 1950 Oort alichunguza mizingo ya nyotamkia zenye vipindi virefu. Aliona kwamba nyingi zilitoka umbali unaokaribiana, makumi ya maelfu ya mara umbali kati ya Dunia na Jua, na kutoka pande zote za anga. Alihitimisha kwamba mfumo wa Jua umezungukwa na wingu kubwa la magimba ya barafu. Mara kwa mara mvutano wa nyota inayopita husukuma baadhi yao kuelekea Jua. Ernst Öpik wa Estonia alikuwa ametoa wazo linalofanana mwaka 1932. Hadi leo wingu lenyewe halijaonekana moja kwa moja. Huaminiwa kuwepo kutokana na mizingo ya nyotamkia.

Mwaka 1956 Oort na Theodore Walraven walichapisha vipimo vya nuru ya Nebula ya Kaa, vilivyosaidia kuthibitisha kwamba sehemu ya nuru yake hutolewa na elektroni zenye kasi kubwa mno zinazopita katika uga sumaku.

Kazi ya kuunganisha mataifa

Oort alikuwa katibu mkuu wa Umoja wa Kimataifa wa Astronomia kuanzia 1935 hadi 1948, na rais wake kuanzia 1958 hadi 1961. Aliona kwamba nchi ndogo haiwezi kujenga peke yake vifaa vinavyohitajika. Kwa muda mrefu Leiden ilikuwa ikituma watu kusini: ilikuwa na darubini Johannesburg, na wanaastronomia wake walipima mahali pa nyota nchini Kenya karibu na ikweta.

Mwaka 1953 Oort na Walter Baade walijadili mpango wa nchi za Ulaya kujenga kwa pamoja paoneaanga katika nusutufe ya kusini. Maeneo ya Afrika Kusini yalichunguzwa kwa miaka kadhaa, lakini mwishowe Chile ilichaguliwa. Mkataba ulitiwa sahihi mwaka 1962 na Ubelgiji, Ufaransa, Ujerumani Magharibi, Uholanzi na Uswidi. Shirika hilo, Paoneaanga pa Kusini pa Ulaya, ni kati ya mashirika makubwa ya astronomia duniani.

Mradi wake mkubwa wa mwisho akiwa mkurugenzi ulikuwa darubini ya redio ya Westerbork, iliyofunguliwa mwaka 1970. Ni safu ya antena nyingi zinazofanya kazi kama darubini moja. Ilijengwa kwenye eneo la kambi ambako wakati wa vita Wayahudi wa Uholanzi walikusanywa kabla ya kupelekwa kuuawa. Kwa Westerbork mstari wa hidrojeni ulichorewa ramani katika galaksi nyingine. Katika miaka ya 1970 vipimo hivyo vilionyesha kwamba gesi iliyo mbali na kitovu haipunguzi kasi kama ilivyotarajiwa. Pamoja na utafiti wa nyota na gesi uliofanywa Marekani, matokeo hayo yalikuwa ushahidi muhimu wa mata giza, swali ambalo Oort alilikaribia mwaka 1932.

Miaka ya mwisho na urithi

Oort alistaafu mwaka 1970 lakini aliendelea kuandika, hasa kuhusu kitovu cha Njia Nyeupe na makundi makubwa ya galaksi. Alitunukiwa Medali ya Bruce (1942), Medali ya Dhahabu ya Shirika la Kifalme la Astronomia la Uingereza (1946), Tuzo ya Vetlesen (1966), Tuzo ya Balzan (1984) na Tuzo ya Kyoto (1987). Asteroidi 1691 Oort imepewa jina lake. Alifariki tarehe 5 Novemba 1992 akiwa na umri wa miaka 92.

Mstari wa sentimita 21 sasa unatafutwa katika umbali ambao Oort hakuweza kuufikia. Nuru na mawimbi ya redio kutoka galaksi za mbali yamesafiri kwa mabilioni ya miaka, na upanuzi wa ulimwengu umeyarefusha njiani. Kwa hiyo kila urefu wa wimbi unaonyesha kipindi chake cha historia. Kwa kuwa galaksi hizo ni hafifu mno kupimwa moja moja, watafiti hukusanya mnururisho wa galaksi nyingi kwa pamoja katika kila kipande cha anga, na kuchora ramani ya mahali ilipo gesi nyingi na mahali ilipo chache. Mistari ya molekuli na elementi nyingine, kama kaboni, hutumiwa vilevile.

Baadhi ya vifaa vya kazi hiyo viko Afrika, katika eneo kame la Karoo nchini Afrika Kusini. Huko iko darubini ya MeerKAT yenye antena 64, iliyozinduliwa mwaka 2018, na huko inajengwa sehemu moja ya mradi wa kimataifa wa SKA, ambao Kenya ni kati ya nchi shiriki zake za Afrika. Watafiti wanaotumia vifaa hivyo hufuata hatua zilezile za Kootwijk: kupokea mstari hafifu, kupima jinsi urefu wake ulivyobadilika, na kuyageuza mabadiliko hayo kuwa umbali.